Sauti Iliyokuwa Sikioni mwa Baba Yako

Egesa, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Barua hii uisome ukiwa umekaa chini. Usiisome ukitembea, wala pikipiki ikiwa inanguruma katikati ya miguu yako. Najua ulitaka nikurekodie sauti kwenye simu. Nilikusikia ukimwambia Mwalimu Nabwire, "Kukhu aongee tu, nitamsikiliza nikiwa njiani." Hapo ndipo nilipokataa. Barua inataka macho, na mtu akitaka kuipa macho lazima asimame. Mimi nataka usimame.

Mkono unaoandika ni wa Mwalimu, jirani yetu. Maneno ni yangu. Tumekaa nyuma ya jikoni, jua bado liko juu, wewe umekwenda steji kuagana na wenzako wa boda. Mwalimu anasema Kiswahili changu ni cha sokoni, anataka kukinyoosha. Nimemwambia anyooshe maneno, asininyooshe mimi. Na usishangae kwamba leo sisemi nawe Kisamia. Kuna mtu mwingine ninayetaka asomewe barua hii, naye Kisamia hakijui. Nitamfikia.

Mambo ya kula na kuoga na kusali sikuambii. Kama hukuyashika miaka yote hii ukiwa chini ya pua yangu, karatasi haitakushikisha.

Naanza na helmeti.

Jumapili ulirudi nayo kutoka upande wa Kenya, nyeusi, inang'aa kama sufuria ambayo haijawahi kuona moto. Ulinikalisha kwenye kigoda ukanivika. Ulisema, "Tulia, mke wangu, usikie utamu." Ukabonyeza kitu pembeni, na kwaya ikaanza kuimba ndani ya kichwa changu, huku na huku. Niliona mdomo wako unacheka, sikukusikia. Niliona kuku wanatimuliwa na mbwa hapo uani, sikuwasikia. Nikaing'oa, nikaitupa kwenye maharagwe, nikaingia jikoni nikafunga mlango. Ulicheka sana. Ulimwambia Mwalimu, "Kukhu ameogopa spika. Amedhani kuna watu humo ndani."

Sikuogopa spika. Nilijua kwa mara ya kwanza dunia ilikuwaje kwa baba yako dakika yake ya mwisho. Vitu vinakuja na huvisikii. Kuna sauti moja tu, nayo iko ndani yako. Na sauti hiyo najua ilikuwa ya nani.

Mwalimu ameweka kalamu chini, ananitazama. Andika, Mwalimu. Tutafika.

Zile karatasi za wakala anayekupeleka kazini nje, ulizotia sahihi bila kusoma, mimi nimesomewa zote. Wewe uliyefika sekondari hukusoma. Mimi nisiyejua herufi hata moja nilimkalisha Mwalimu mchana kutwa, akasoma mpaka sauti ikakauka. Ukurasa wa tatu unasema huko unakokwenda kupeleka watu chakula kwa pikipiki, dereva haruhusiwi kuwa na kitu masikioni. Si waya, si kile kidude kisicho na waya, si spika ndani ya helmeti. Ukishikwa unatozwa faini. Ukirudia unapandishwa ndege kurudishwa kwenu. Nilikuuliza juu ya ukurasa huo, ukanijibu, "Kukhu, hiyo ni sheria ya kwenye karatasi." Kisha ukampigia Sanya, rafiki yako aliyetangulia kule, ukaweka sauti nje ili nisikie mwenyewe.

"Mulembe, Kukhu," Sanya akasema. "Bado unapiga watu na mwiko?"

"Njoo karibu utajua," nikamwambia. "Hiyo sheria ya masikio ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, Kukhu. Lakini ramani iko kwenye simu. Simu ndiyo inasema kata kulia, kata kushoto. Ukiitazama kwa macho utagonga mtu. Ukiisikiliza utashikwa. Usipoitazama wala kuisikiliza chakula kinapoa na kazi inaisha. Sasa tunaweka sikio moja, lile ambalo polisi halioni."

"Na wale wanaovuka kwenda nchi ya jirani?" ukamuuliza wewe.

"Huko spika ya helmeti wanaruhusu, mradi isiingie ndani ya sikio. Basi tunavua hapa, tunavaa pale. Kama nyumbani tu."

Mlicheka wote wawili. Kama nyumbani tu. Neno hilo limelala kifuani mwangu tangu siku ile, halitaki kutoka.

Limelala kwa sababu mafunzo ya nyumbani hapa niliyatoa mimi. Sisi watu wa hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, tuna ugonjwa wetu. Tumezaliwa mahali ambapo jambo moja ni kosa ukisimama hapa, na ukipiga hatua kumi si kosa tena. Nilipokuwa nikivuka na samaki wa ziwani Majanji nilikuwa na majina mawili, moja la kila upande, na nilijibu nilipoitwa kwa lolote. Upande huu sukari, upande ule mafuta ya taa, na njia za katikati ya mahindi tulizijua kuliko wanaolinda. Sheria kwetu ilikuwa ni yule mtu aliyesimama getini. Ukishampita, imebaki naye. Hatukuwahi kujiuliza iliwekwa kwa nini. Tuliuliza tu iko wapi, na anayeishika amekwenda kula saa ngapi.

Ndivyo nilivyomlea baba yako. Alijua kuvuka kabla ya kujua kusali.

Unajua kwamba baba yako Wandera alikuwa na boda, na mimi nilikuwa na samaki. Niliwakausha kwa moshi hapa hapa tulipokaa, yeye akawapeleka. Vikapu vingine vilikwenda ng'ambo kwa wateja wa Kenya, vingine Tororo sokoni. Alikuwa na kasoro moja, na leo naiita baraka. Akiwa barabarani hakupokea simu. Nilipiga ikalia mpaka ikachoka. Mimi si mtu wa kungoja, wanijua. Nikaenda kwa mama mmoja upande wa Kenya aliyeuza vitu vya simu, nikamnunulia waya za masikioni. Nilizifunga kwenye pindo la leso kama kitu cha thamani. Nilipompa nilimwambia, "Sasa hutanikwepa."

Alizipitisha chini ya helmeti, akaona raha. Polisi wa upande wa Kenya siku zile wakimwona nazo walimsimamisha. Basi kabla ya geti alizivua akazisukuma ndani ya shati, na akirudi, akishapita kizuizi, alizivaa tena. Siku moja aliniambia kwamba mmoja wa wale polisi, mtu mzima, hakumdai kitu. Alimwambia tu, "Kijana, zikiwa masikioni huwezi kujua kilicho nyuma yako." Baba yako alinisimulia kama mtu anayefikiri. Mimi nikamjibu, "Sheria yao iache kwao."

Nilisema hivyo nikigeuza samaki. Sikuinua hata kichwa.

Siku yenyewe alikuwa amerudi kutoka ng'ambo, akapita hapa kuchukua kikapu cha Tororo. Hakushuka. Alifunga kikapu nyuma, akanipungia mkono, akaenda. Nikafungua vikapu vilivyobaki nikaona amekosea. Alichukua sangara wakubwa niliomwekea mteja wangu wa Kenya, akaniachia wale wadogo. Nikampigia. Na kwa sababu ya zile waya, akapokea.

Nilimgombeza, Egesa. Nilimwita kipofu. Nilimwambia anafikiri kwa tumbo. Akasema, "Mama, subiri kidogo nilipite hili lori." Nikamwambia, "Lori litakwenda lenyewe. Nisikilize mimi kwanza."

Akanisikiliza.

Nikasikia kama mtu ameangusha mabati mengi kwa mara moja, kisha simu ikanyamaza. Unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Nilidhani amenikatia. Nikapiga tena na tena, nina maneno mengine mabaya tayari mdomoni.

Ilikuwa kabla ya kufika Busitema. Alihama njia ili alipite lori lililokuwa mbele yake, na nyuma kulikuwa na lingine, la saruji, tayari linawapita wote wawili. Dereva wake alisema alipiga honi mpaka kiganja kikauma. Alilia mbele ya watu akisema, "Kijana hakugeuka hata kidogo." Watu wetu walitaka kumchoma moto. Walimwita mwongo. Mimi nilijua hasemi uongo, na nilinyamaza.

Kama ningelinyamazia la dereva tu, labda ningeweza kuzeeka. Sikuishia hapo.

Simu ya baba yako ilikuwa imevunjika vipande. Waya bado zilikuwa shingoni. Matangani wakaanza kuulizana: alikuwa akiongea na nani? Mama yako, Athieno, alikuwa amekwenda kwao Tororo wiki ile. Walikuwa wamekosana, jambo dogo la watu wawili wa nyumba moja, lingekwisha kwa kikombe cha chai. Shemeji zake wakalichukua. Wakasema mwanamke huyu wa Kipadhola alikuwa akimpigia kelele barabarani, amemuua kwa mdomo wake. Alisimama mbele yao, wewe ukiwa mgongoni mwake, akasema, "Simu yangu haikuwa na moto, ilikuwa imezimika siku hiyo. Muulizeni mama." Alimaanisha mama yake mzazi aliyekaa naye. Lakini wote walinigeukia mimi, kwa kuwa mama pale nilikuwa mimi.

Mwalimu anasema nisimame kidogo ninywe maji. Sitaki maji.

Walinigeukia, na ningeweza kusema. Maneno matatu tu. Niliangalia chini nikasema, "Mimi sijui mambo ya simu." Bibi asiyesoma, nani atambishia? Ujinga wangu ulinifaa siku hiyo kama nyumba.

Wakamfukuza kabla ya mchanga wa kaburi kukauka. Mtoto ni wa ukoo, wakasema, wakakutoa mgongoni kwake. Ulikuwa hujui hata kufunga vifungo vya shati. Ulilia ukimwita siku nyingi, kisha ukaacha. Nikakulea. Nilikupa kila kitu nilichokuwa nacho, na watu walinisifu kwa ajili yako. "Tazama mama mkongwe, anavyompenda yatima." Kila sifa ilikuwa mwiba. Nakupenda kuliko pumzi yangu, hilo usilitilie shaka hata siku moja. Lakini nilikuwa nikilea mtoto niliyemnyang'anya mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, anauza nyanya Tororo chini ya jiwe lile kubwa kama mlima tunaloliona kutoka hapa siku ya anga safi.

Unakumbuka sweta ya kijani? Ulikuwa darasa la saba. Alikuja nayo kwenye mfuko wa karatasi, akasimama pale kwenye miti ya kahawa, hakuthubutu kuingia uani. Ulitoka ukamtazama. Ukaniambia kwa sauti ili asikie, "Mwambie aliyeua baba yangu aende na sweta yake." Nilikuwa mlangoni. Nilikuwa nayo mdomoni, Egesa, ilikuwa imefika kwenye meno. Nikaimeza. Yeye akaiweka sweta juu ya nyasi taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka. Sweta ukampa mbwa wa jirani. Hukukosea wewe. Ulisema nilichokufundisha kwa kunyamaza.

Mwaka jana, ulipoanza habari za kwenda ng'ambo, nilipanda gari mpaka Tororo kwenda kumwambia. Nilimkuta sokoni. Amezeeka kunishinda. Alinitambua, akaniondokea kwenye kigoda chake nikakaa, yeye akabaki amesimama. Akauliza, "Mtoto yuko?"

"Yuko."

"Anaendesha?"

"Anaendesha."

Akapanga nyanya zake upya ingawa zilikuwa zimepangwa. Kisha akasema, "Mama, mwambie asipokee simu barabarani. Hata ya mtu anayempenda."

Mbele ya mwanamke huyo, baada ya neno hilo, nilimuuliza bei ya nyanya. Alinifungia, akaongeza moja juu. Nikarudi Busia. Zile nyanya sikuzila. Zilioza kwenye ungo mpaka wewe ukauliza harufu ni ya nini.

Basi sasa unajua.

Sikuandikii ili unisamehe. Sijui kama kuna mahali pa kuliweka jambo kama hili. Padri nilimwambia, akanipa sala za kusali, nikazisali, na nikaamka nalo vile vile. Nakuandikia kwa sababu kesho utachukua kile kitu cha kichwani na kwenda nchi ambayo sheria yake inajua nilichokifanya. Ukurasa ule wa tatu, Egesa, nadhani aliyeuandika alizika mtu. Hakuwa polisi wa getini. Alikuwa mtu kama mimi, aliyesikia mabati yakianguka kwenye simu, ila yeye alikuwa na kalamu. Ningekuwa nayo mimi ningeandika vile vile, kwa herufi kubwa, kwenye kila geti.

Na bado sina la kukuambia la maana. Hilo ndilo linalonivunja. Sanya hasemi uongo. Kazi uliyopewa inataka usikie simu, na nchi uliyopewa inakataza usiisikie, na wewe utakuwa katikati, kwenye barabara wanayoendesha upande usiouzoea. Nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Ukiwatii wenye barabara, wenye kazi watakurudisha. Ukiwatii wenye kazi, utarudi pia, na sitaki kusema utarudi umelala ndani ya nini. Nilikuambia Jumatatu usiende, ukacheka ukaniita mke mwenye wivu. Sahihi umekwisha kuitia. Najua utakwenda.

Naomba vitu viwili tu. Hutaki, acha, sina nguvu ya kukulazimisha, na haki sina.

Cha kwanza, basi lako la asubuhi halipiti Tororo. Mbele kidogo, kwenye ile njia panda, litakunja kushoto kwenda Kampala. Ushuke hapo. Ndege yako ni ya usiku, una saa za kutosha. Panda boda ukunje kulia. Mtafute sokoni, upande wa nyanya, uliza mama Athieno, wanamjua. Barua hii umsomee yote kwa sauti. Nimeisema kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukiongea mimi na yeye jikoni, alipokuwa mke wa nyumba hii na tulikuwa tukicheka. Usiruke mahali. Usinipunguzie. Akikutukana kwa ajili yangu, kaa usikie. Akikataa kusikia, mwachie karatasi uende. Sitegemei kwamba atafurahi. Amekosa miaka ambayo hata Mungu hawezi kumrudishia, na wewe unampelekea siku moja, tena siku ya kuagana. Ni kidogo mno. Najua ni kidogo.

Kama hutashuka, basi hutashuka. Utapita pale njia panda na mimi hapa sitajua.

Cha pili, mimi sitakupigia simu. Kamwe. Nimemwambia Mwalimu aiondoe namba yako kwenye simu yangu, ile niliyokuwa naifikia kwa kubonyeza mara mbili. Ameiondoa sasa hivi mbele yangu. Aliuliza, "Mama, una hakika? Na ukiugua?" Nikamwambia nikiugua nitaugua, na nikifa utaambiwa jioni ukiwa umeshazima injini. Wewe ndiye utakayenipigia, ukiwa umekaa kitandani, helmeti iko chini sakafuni. Nikisikia upepo nyuma ya sauti yako, nitakata. Usidhani nimekasirika. Siku nitakazokukumbuka sana ndizo siku ambazo simu yako itakaa kimya zaidi.

Nasikia pikipiki yako inaingia. Unapiga honi kama kawaida yako, na nimeisikia kutoka kule barabarani, kwa masikio yangu mawili matupu.

Mwalimu anasema panahitajika sahihi. Sina sahihi. Amenipaka wino, nimeweka kidole gumba hapo chini. Ni kile kile nilichobonyezea simu.

Kukhu wako